Maskati Iliyojengwa kwa Ndani

Siku ya chai ya kuniaga, kijana mmoja wa kitengo cha ramani aliniuliza mbele ya watu kama zamani, kabla hamjawa na sheria za kuhifadhi majumba ya kale, sisi tulikuwa tukiyahifadhi vipi. Wengine mkacheka, mkidhani ananitania. Nikasema nitaandika, nikaendelea na sambusa yangu. Sasa nimekaa nyumbani, asubuhi sina pa kwenda, na ahadi ni deni. Lakini nakuambieni mapema: anayetaka kisa cha kumtia moyo akatafute kwa mwengine. Mimi nimekitafuta kwangu miaka mingi na sijakipata.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia. Nitaandika miaka yangu ya mwanzo tu, tangu 1964 hadi 1970. Miaka iliyofuata nilikuwa natia saini.

Nilifika Maskati mwaka 1964 kutoka Unguja, na sababu kila nyumba yetu inaijua, sina haja ya kuirudia. Unguja nilikuwa karani wa ukaguzi wa majumba. Nilikuja na mke wangu, sanduku la nguo, na timazi yangu ya shaba, ule uzani wenye uzi unaopimia ukuta kama umesimama wima au umelala. Waliokuja na dhahabu viunoni walinicheka. Mjomba wangu alikuwa akijuana na Shekhe Nasor, mzee aliyesimamia ofisi ndogo ya mambo ya majengo karibu na lango la mji, akanipeleka kwake kuomba kazi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, mkeka na mtungi wa maji. Shekhe Nasor aliishika timazi, akaigeuza, akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kupimia kuta. Akanirudishia, akasema hapa hatupimi, tunatazama.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vichochoroni kila asubuhi na kutazama nyuso za nyumba. Nikiona jiwe jipya, chokaa mbichi au dirisha lililokuwa halipo jana, nikaseme. Mtu hakuruhusiwa kubadilisha kitu bila ruhusa, hata kulirudisha jiwe lililoanguka mlangoni kwake mwenyewe. Ruhusa iliombwa kwetu, nasi tukalipeleka ombi juu, na juu kulikuwa mbali. Siku ile ya kwanza nilimuuliza Shekhe Nasor jibu huchukua muda gani. Akanimiminia kahawa. Nikamuuliza tena, akanimiminia tena. Mara ya tatu nikakitikisa kikombe, kuonyesha kwamba nimetosheka, maana nilishaelewa.

Katika miaka ile yote sikuona ombi lililokataliwa. Hakuna aliyesema hapana. Ombi lilikwenda na halikurudi, na ukuta uliendelea kupasuka. Nje ya ukuta wa mji mambo yalikuwa kinyume: huko jiwe halikuruhusiwa kabisa, watu walijenga vibanda vya makuti ya mtende, barasti, na moto ukitokea ulikwenda mpaka ukachoka wenyewe. Nyinyi leo mnagawa maeneo ya mji kwa ramani zenye rangi chungu nzima, hapa maduka, hapa nyumba, hapa viwanda. Sisi tulikuwa na rangi mbili, jiwe ndani na makuti nje. Na nikuambieni, walioamua zote mbili hawakuwahi kulala kwenye nyumba yoyote kati ya hizo.

Nimestaafu, hakuna wa kuniandikia onyo, kwa hivyo rai yangu juu ya mji wenyewe nitaisema. Ulikuwa mji uliojengwa na watu wenye akili. Kuta zilikuwa nene, za mawe na saruj. Nasema saruj, ule udongo unaochomwa kwa magogo ya mtende na kusagwa, msiichanganye na simenti ya mfukoni. Saruj hupumua. Chumvi ya bahari ikiingia ukutani, hutoka. Simenti huifungia chumvi ndani, nayo hula ukuta taratibu mpaka siku moja plasta yote inadondoka mezani wakati wa chakula. Dari zilikuwa za boriti za mikoko zilizotoka kwetu Afrika. Nilipoingia chumba cha kwanza Maskati, niliujua upana wake bila kupima, maana chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti, na boriti ni zile zile za Unguja. Nililia, nasema kweli. Mwenye nyumba akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Na mji ule ulikuwa na adabu zake ambazo hakuna aliyeziandika. Mlango haukuutazama mlango wa jirani. Dirisha halikutazama ua wa watu. Mtu akitaka kuinua ukuta wa darini, alikwenda kwanza kwa jirani akanywa kahawa, akauliza kama kivuli chake kitawaudhi. Leo mna kitabu kinene cha kanuni, na majumba ya mtaa mpya wa Qurum yanachunguliana kwa madirisha yasiyofunguka, na mtu anawasha gari kwenda kununua mkate. Mimi mwenyewe nimetia saini mengi ya majumba hayo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Shekhe Nasor, Mungu amrehemu, ambaye alinifundisha kunywa kahawa. Alikuwa Fundi Abdalla, mwashi mwenye mabega mafupi na kikohozi kirefu, aliyefanya kazi Unguja ujanani mwake na kurudi Maskati zamani. Nilikutana naye mwaka wangu wa kwanza, adhuhuri, saa ambayo mji wote umelala kwa joto. Alikuwa kichochoroni na wapagazi wamebeba boriti mpya zilizofungwa vitambaa vyekundu na kijani. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni za hema la harusi, kwa Bi Zuwena. Nikampa mkono wa kheri, akapita.

Bi Zuwena nilikuwa nalijua jina lake kwa sababu ya ukuta wake. Nyumba yake ilikuwa karibu na lango, na uso wake ulikuwa umepasuka toka dari mpaka kizingiti. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuuziba ufa ule kabla mimi sijafika Maskati. Kila nilipopita nilikuwa najisemea, huyu mama ataangukiwa. Na sasa anafanya harusi chini ya ukuta ule. Nikaona haifai kunyamaza. Alasiri nikaenda nikabisha hodi, nikasema kwa Kiswahili kwamba mimi ni mtu wa ofisi ya majengo lakini nimekuja kwa kheri.

Mlango ulifunguka kidogo. "Weye mtu wa wapi, Unguja?" sauti ikauliza.

Nikasema ndiyo, wa mtaa wa Malindi.

"Ingia basi, mwanangu. Nna siku nyingi sijasikia mtu akapiga hodi namna hiyo."

Alikuwa mjane, mwembamba, wa umri wa mama yangu. Alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa Unguja, akafiwa na mume huko, akarudi kwa wazee wake na kuwazika mmoja baada ya mwengine. Mtoto hakujaaliwa. Aliniambia waziwazi, huku akinikatia halua, kwamba duniani hana kitu ila nyumba ile, na kwamba hamuombi Mungu jingine ila afie ndani yake. Nikatazama huku na huku nikitafuta dalili za harusi. Hapakuwa na bibi harusi wala ubani. Palikuwa na Fundi Abdalla, amekaa juu ya boriti zake, ananitazama kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Kisha nikautazama ukuta. Nyuma ya ule uso uliopasuka palikuwa na ukuta wa pili, mpya, mnene, wa mawe na saruj, umenyooka. Nikatoa timazi yangu mfukoni, ile niliyoambiwa haina kazi, nikaiteremsha. Uzi haukuusogelea ukuta wala haukuuacha. Dari ilikuwa tayari imehamishiwa juu ya ukuta huo, bado chumba kimoja, ndicho kilichokuwa kinangojea zile boriti. Ule ukuta wa nje haukuwa umebeba kitu tena. Ulikuwa umetundikwa tu mbele ya nyumba, kama kanga kwenye kamba.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukihifadhi, kijana wa ramani. Umeuliza, nakujibu. Watu wa Maskati walijenga mji wao kwa ndani. Boriti ziliingia kwa harusi zisizokuwa na maharusi. Saruj iliingia ndani ya makanda ya tende, na tende zikawekwa juu. Kazi ilifanywa adhuhuri, wakaguzi wakiwa wamelala, na nyundo zilifungwa matambara. Na uso wa nje uliachwa uoze, tena kwa ufundi. Fundi Abdalla akimaliza kuimarisha ndani, alikuwa akitoka nje kuhakikisha ufa bado unaonekana vizuri. Kwenye ufa wa Bi Zuwena paliota kichaka, na Bi Zuwena alikuwa akikimwagilia maji kutoka darini, kisije kikafa kikatuumbua.

Nilitoka pale nikamwambia Shekhe Nasor kwamba nimeitazama nyumba ya Bi Zuwena na uso wake uko vile vile. Akanimiminia kahawa. Nadhani alijua, na nadhani alijua kwamba najua. Hatukuwahi kulizungumza.

Tangu siku ile Fundi Abdalla akawa ananichukua. Jioni baada ya kazi alinionyesha nyumba moja baada ya nyingine, na kila moja nje gofu na ndani nyumba. Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kujua boriti iliyoliwa na mchwa kwa harufu, kujua saruj iliyopikwa sawa kwa kuiweka ulimini. Niliharisha, lakini nilijua. Hasira zake zilikuwa karibu. Nilipomwambia mara moja kwamba ni aibu mji mzuri kuonekana umekufa, alitupa mwiko chini akasema aibu hailali na mtu chumbani, mvua ndiyo inayolala naye.

Kisa kilichowatia watu hofu ya kudumu ni cha Bwana Salim, mfanyabiashara wa vitambaa. Nyumba yake ilikuwa na uso mzuri kuliko zote katika mtaa wetu, mlango wa nakshi, roshani ya mbao, haikuhitaji kufichwa. Kilichokuwa kibovu ni dari, na akaitengeneza dari yote kwa siri, boriti mpya zilizopakwa rangi. Bwana Salim alikuwa mtu wa kupenda wageni, na kosa lake lilikuwa hilo tu. Siku moja alimkaribisha mtu mkubwa kwa kahawa. Yule mkubwa akainua macho, akaisifu dari. Bwana Salim, kwa furaha ya kusifiwa, akasema ni mpya.

Kesho yake ilikuja amri. Boriti mpya zitolewe, za zamani zirudishwe. Bwana Salim mwenyewe akawekwa ndani siku kadhaa ili afikirie. Fundi Abdalla ndiye aliyeitwa kuzirudisha zile mbovu, na aliifanya kazi hiyo analia, mibao inamwagika unga wa mchwa kichwani mwake. Bwana Salim alipotoka alihamia Matrah, bandari ya jirani, na hakurudi tena. Nyumba ikabaki tupu, uso wake mzuri vile vile, na ndani yake huwezi kukanyaga.

Baada ya hapo Fundi alizunguka kwa kila aliyemfanyia kazi, na somo lilikuwa moja. Nilikuwa naye alipompa Bi Zuwena. "Mtu yeyote wa ofisi akija, humfungulii," alimwambia. "Akikuuliza, sema gofu. Akikusifu, sema gofu. Akikwambia yeye ni ndugu yako, sema gofu."

"Na huyu?" Bi Zuwena akanionyesha mimi, anatabasamu.

"Huyu keshaingia, hatuna la kufanya," Fundi akasema.

Mwaka 1968 kikohozi kikamshinda Fundi Abdalla. Tulimzika, na pale makaburini niliwatazama watu waliokuja, wenye nyumba wote, wamesimama mbali mbali wasije wakaonekana wanajuana. Nilihuzunika kama aliyefiwa na baba. Na nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuweza kumwambia mtu: sasa mtu anayejua kipi kizima na kipi kibovu Maskati nilibaki peke yangu, na kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ni kutokusema.

Kisha ikaja 1970, na mabadiliko: mtoto akashika ufalme badala ya baba, na amri za zamani zikafutwa. Sitaki mtu aniambie kwamba sikufurahi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Malango ya mji yalibaki wazi usiku. Mtu aliweza kuziba ufa wake mchana kweupe, akiimba. Jamaa zetu waliotawanyika wakaanza kuandika wanauliza warudi lini. Nilikwenda kwa Bi Zuwena, nikazungumza naye mlangoni, nikamwambia mambo yamekwisha, sasa unaweza kuupaka uso wako chokaa. Akasema inshallah. Kile kichaka aliendelea kukimwagilia. Nikadhani atazoea.

Kumbe tulichokuwa nacho ni miezi michache tu. Simenti iliteremshwa gatini milima kwa milima. Kila mtu alitaka nyumba mpya ya matofali, na nani atamlaumu, aliyekaa miaka chini ya boriti mbovu kwa amri? Nimeona watu wakibomoa kwa mikono yao nyumba walizozificha kwa roho zao. Zamani mji ulikuwa unakufa kwa kunyimwa ruhusa. Sasa ruhusa ilitolewa kama pipi, na ukafa kwa kasi zaidi. Nimekaa upande wa kukataza na nimekaa upande wa kuruhusu, na sijui upande wa tatu uko wapi. Kama nyinyi mmeupata, Mungu akubarikini, lakini nimesoma rasimu zenu na sidhani.

Ofisini kwetu akaletwa mhandisi wa kigeni kupanga barabara ya kuingia mjini. Nataka niwe mwadilifu: alikuwa mtu mzuri. Kijana, mpole, mwekundu kwa jua, anaweka mkono kifuani anapoamkia. Mimi nilikuwa najua Kiingereza cha Unguja, nikawekwa naye. Na hakuja kubomoa tu. Alisema mji kama huu ni hazina, barabara itapita lakini nyumba nzuri zibaki, ikibidi barabara ikunje kona. Nilipomsikia nilitaka kumbusu kichwani. Akachukua rangi ya kijani ya kubakisha na nyekundu ya kuondosha, tukaanza kuzunguka.

Alitazama nyuso, na hilo naye alikuwa na haki yake, kwani angetazama nini? Mbele ya nyumba ya Bwana Salim alisimama kitambo kirefu, akauchora ule mlango, akatia kijani. Nikamwambia ndani yake haina kitu, ukikohoa itaanguka. Akasema tutaitengeneza. Tukafika kwa Bi Zuwena. Akautazama ufa, akakitazama kichaka, akatikisa kichwa kwa huruma, akatia nyekundu. Barabara ingepita pale pale.

Nikamsimamisha. Nikamwambia yote, pale njiani, kwa Kiingereza changu: ukuta wa pili, boriti, saruj, miaka yote ile. Shekhe Nasor alikuwa nasi, akauliza namwambia nini mgeni, nikaendelea. Mhandisi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kila mtu amemwambia nyumba hii ni gofu, hata mkuu wako huyu. Nikasema ndivyo tulivyotakiwa kusema. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo siwezi kumlaumu nalo: nionyeshe. Nikiuona huo ukuta kwa macho yangu, rangi hii nitaifuta mwenyewe.

Nikabisha hodi. Nilibisha kwa Kiunguja, kama siku ya kwanza.

"Nani?"

Nikajitaja. Nikamwambia Bi Zuwena, nimekuja na mhandisi, anataka kuuona ukuta tu, dakika moja, nyumba yako isivunjwe.

Nilijua amesimama nyuma ya mlango, nilikuwa nausikia upumuaji wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, ili mimi tu nisikie. "Mwanangu, wamekukamata?"

Nikasema hapana, Bi Zuwena, hakuna aliyenikamata, mambo hayo yamekwisha.

"Ndivyo walivyomwambia Salim. Walimsifia dari."

"Nakuapia. Ukifungua, nyumba inabaki. Usipofungua wanaivunja."

"Nnajua wamekulazimisha useme hivyo. Si kosa lako. Kaa kimya wewe, nitasema mie."

Na papo hapo akapaza sauti, sasa kwa Kiarabu, wazi, ili kichochoro chote kisikie. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu mtukufu kwamba nyumba yake ni gofu, haina ukuta, haijatengenezwa, hajatia ndani hata jiwe moja tangu wazee wake wafe. Aliapa mara ya pili. Alikuwa ananiokoa, ndivyo alivyoamini, mimi na yeye. Mhandisi alikuwa hajui Kiarabu ila maneno machache, lakini neno kharab, bovu, alilijua. Ndilo la kwanza alilojifunza kwetu.

Akaniwekea mkono begani. Akasema anaelewa kwamba nampenda mama huyu. Nilirudi peke yangu tena na tena, asubuhi na jioni. Nilimpeleka mke wangu. Bi Zuwena alimfungulia mke wangu, akamkalisha, akamlisha, akamwambia anisihi niache kuja mlangoni, nitafungwa. Nikamuomba mhandisi anipe barua ya amani kwa ajili yake, akanipa, ina muhuri. Muhuri ndio uliomkatisha tamaa kabisa.

Siku ya kuvunjwa, majirani walimtoa. Alipewa nyumba ndogo ya matofali nje ya mji, na wanawake wakambembeleza mpaka akakubali kukaa kwenye kibaraza cha jirani ng'ambo ya njia, amejitanda baibui yake, na furushi mapajani. Tingatinga likaja. Lilianza na pembe, kama wanavyoanza siku zote, na pembe ikashuka pamoja na kipande cha dari. Kisha likaugusa ule uso wa mbele. Uso ukaanguka wote kwa mara moja, bila kelele nyingi, na vumbi lilipotua ukuta wa Fundi Abdalla ulikuwa umesimama hapo, mweupe, wima, vidaka vyake vimepangwa safu kwa safu, na boriti juu yake nyekundu kama zilizokatwa jana.

Dereva akaurudia ukuta, akausukuma, mashine ikainua magurudumu ya nyuma na injini ikazimika. Mhandisi akainua mkono, akapiga ukelele wa kusimamisha. Akaenda mwenyewe ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, na sikumfundisha mimi. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa. Akasema pembe imeshatoka, dari inaning'inia, haiwezi tena kuachwa, itaua mtu. Akasema, kwa nini hakuna aliyeniambia? Halafu akakumbuka, akanitazama, akageuza macho.

Wakati huo watu walishaanza kusogea na kusema. Mashallah, ukuta gani huu. Tazama dari. Tazama kazi. Mtaa wote ulikuwa unaisifu nyumba ya Bi Zuwena kwa sauti, mbele ya watu wa ofisi, kwa mara ya kwanza, na wengi wao walikuwa na ukuta kama ule ule nyumbani kwao.

Nikavuka njia kwenda kwake. Alikuwa ameinuka, furushi limeanguka, na alikuwa haitazami nyumba. Alikuwa anawatazama watu waliokuwa wanaisifu, mmoja mmoja. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Wameshauona," akasema. "Mwanangu, watanifunga?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hakuna atakayemfunga, hakuna tena wa kumfunga.

"Basi nenda kamwambie yule mgeni si mie niliyeujenga. Mwambie niliukuta. Nenda, wahi, kabla hajaandika."

Nikaenda nikamwambia.